Haki za Msafiri Aliyetendewa Uhalifu Ugenini

Sheria ya jinai, yaani ile inayotaja makosa ambayo serikali huyashtaki kwa niaba ya jamii nzima, hushikamana kwanza na ardhi ambako kosa limetendeka, wala haifuati pasipoti ya aliyetendewa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeibiwa mzigo wake Guangzhou, mgonjwa wa Mombasa anayetapeliwa New Delhi na msichana wa Bujumbura anayepigwa na mwajiri wake Riyadh wanaunganishwa na jambo moja, nalo ni kwamba malalamiko yao hupokewa na polisi wa huko, huendeshwa kwa sheria za huko na husikilizwa na mahakimu wa huko. Polisi wa nyumbani hawana mamlaka ya kuvuka mpaka kwenda kumkamata mtu katika nchi ya wengine. Sheria yenyewe hutambua vighairi vichache: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwa mfano, katika kifungu chake cha 6, huzipa mahakama za Tanzania Bara uwezo wa kusikiliza kosa lililotendwa na raia wa Tanzania mahali popote nje ya nchi, hivyo Mtanzania anayemwibia Mtanzania mwenzake ughaibuni hajasalimika kwa kuwa tu wote wawili walikuwa mbali. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya wasafiri, mlango wa haki ni ule ulio karibu na mahali walipodhulumiwa, na ni lazima ubishwe mapema.

Wengi hawaubishi kwa sababu wanaamini kwamba mgeni hana sauti, na kwamba mgeni ambaye viza yake imekwisha muda hana sauti hata kidogo. Imani hiyo haina msingi katika sheria, ijapokuwa hofu inayoizaa ina sababu zake. Tarehe 29 Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Tamko la Kanuni za Msingi za Haki kwa Waathirika wa Uhalifu na wa Matumizi Mabaya ya Madaraka, likisema kwamba mwathirika atendewe kwa huruma na heshima ya utu wake, apewe habari kuhusu mwendo wa kesi yake, na asibaguliwe kwa rangi, lugha, dini wala uraia. Tamko si mkataba, kwa maana kwamba haliifungi nchi kama sheria, bali huonyesha kipimo ambacho nchi zimekubaliana kujipimia. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi mwaka 2012 kwa kutunga Agizo la 29 la mwaka huo, ambalo huzifunga nchi wanachama, isipokuwa Denmark, na ambalo hutamka wazi kwamba haki za mwathirika hazitegemei hali ya ukaazi wake. Mtalii kutoka Arusha aliyeporwa mjini Roma na Mkongomani asiye na vibali aliyepigwa mjini Paris wote wanaingia chini ya agizo hilo. Ni kweli kwamba halimpi mtu kibali cha kuishi, na asiye na vibali anayekwenda polisi hubeba hatari ambayo sheria haijamwondolea. Lakini agizo hilohilo linasema pia kwamba huduma za msaada kwa waathirika, yaani ushauri, faraja na maelezo ya kisheria, hutolewa bure hata kwa yule ambaye hajapeleka malalamiko rasmi popote. Mwenye hofu ya polisi anaweza basi kuanzia huko, na katika nchi kadhaa za umoja huo namba 116 006 imetengwa kwa ajili ya waathirika wa uhalifu.

Jambo la kwanza kwa wakati, kabla ya habari yoyote ya haki, ni usalama wa mwili. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na pia India, 999 au 112 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 999 katika Umoja wa Falme za Kiarabu, 9999 Oman, 10111 kwa polisi wa Afrika Kusini, na 110 kwa polisi wa China, ambako gari la wagonjwa huitwa kwa 120. Namba hizi ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu simu ndiyo kitu ambacho mwizi hukichukua kwanza.

Jambo la pili ni karatasi, na hapa ndipo panapostahili kukaliwa kwa muda, kwa kuwa haki nyingi za wasafiri hupotelea hapa. Msomaji wa Tanzania anaijua RB, ile namba ya kumbukumbu ambayo kituo cha polisi hutoa baada ya taarifa kuandikwa kitabuni, na wa Kenya anaijua OB. Kila nchi ina kitu cha namna hiyo kwa jina lake, na kazi yake ni moja popote: kuthibitisha kwamba siku fulani, saa fulani, mtu fulani alifika mbele ya mamlaka na kusema ametendewa jambo fulani. Bila karatasi hiyo kampuni ya bima hailipi, ubalozi hupata taabu kutoa hati mpya ya kusafiria, idara ya uhamiaji humtazama msafiri asiye na pasipoti kama mkosaji, na wakili atakayepewa kesi miezi sita baadaye hana pa kuanzia. Maelezo ya mdomo, hata yawe ya kweli namna gani, hayasafiri. Kwa hiyo msafiri asiridhike na ofisa anayemwambia kwamba taarifa imepokewa. Aombe nakala, au angalau namba ya jalada, jina la kituo na jina la ofisa aliyeandika. Katika Umoja wa Ulaya kupewa uthibitisho wa maandishi ni haki iliyotajwa na agizo la 2012, na mwathirika asiyeelewa lugha ya nchi husika anaruhusiwa kutoa malalamiko kwa lugha anayoielewa au kupewa msaada wa lugha, kisha akiomba hutafsiriwa uthibitisho huo bila malipo.

India inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ya wingi wa wagonjwa wa Afrika Mashariki wanaokwenda huko kwa matibabu na wanafunzi wanaokwenda kwa masomo. Sheria mpya ya mwenendo wa jinai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, imeandika rasmi utaratibu unaojulikana huko kama FIR sifuri. FIR ni taarifa ya kwanza ambayo polisi huiandika wanapoelezwa kosa zito, yaani kosa ambalo wanaweza kumkamata mtu bila hati ya mahakama, na neno sifuri linamaanisha kwamba kituo chochote kinalazimika kuipokea hata kama kosa limetendeka katika eneo la kituo kingine, kisha ndicho kiihamishie kunakohusika. Anayetoa taarifa hupewa nakala bure. Kituo kikikataa kuandika, mlalamikaji anaweza kupeleka maelezo yake kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na huko nako akinyimwa, kwa hakimu. Kwa hiyo mgeni anayeambiwa aende kituo kingine ng'ambo ya jiji, huku akiwa na jeraha na hajui njia, ananyimwa kitu ambacho sheria ya nchi hiyo imempa.

Lugha nayo si jambo dogo. Katika nchi za Ghuba maelezo ya polisi na ya mwendesha mashtaka huandikwa kwa Kiarabu, na mtu huombwa kutia sahihi au dole gumba chini ya maneno asiyoyasoma. Sahihi hiyo huyafanya maneno kuwa yake. Aliyefika kituoni kama mlalamikaji anaweza kutoka akiwa ametia sahihi kwamba amesamehe, au kwamba amelipwa, au kwamba jeraha alilipata kwa kuanguka. Inafaa asitie sahihi kabla ya kusomewa na mkalimani anayemwamini, na asione haya kusema kwamba anataka mkalimani wa Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu cha madrasa na Kiingereza cha sokoni havitoshi kueleza jambo la jinai.

Kwa aliyejeruhiwa, na zaidi kwa aliyebakwa, hospitali itangulie kituo cha polisi. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya ukimwi, zinazoitwa PEP, hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba hufaa ndani ya siku tano, lakini mapema ndiyo bora kwa zote mbili. Nguo zisifuliwe, na mwili, ikiwezekana, usioshwe kabla ya daktari kuchukua ushahidi. India hulazimisha kila hospitali, ya umma na ya binafsi, kumtibu bure mwathirika wa ubakaji na wa kumwagiwa tindikali. Kuna upande mwingine ambao ni lazima usemwe bila kuficha: katika baadhi ya nchi ambako zinaa yenyewe ni kosa la jinai, mwanamke anayeripoti kubakwa ameweza kujikuta akihojiwa kama mshtakiwa. Hilo ni dhuluma juu ya dhuluma. Katika nchi za namna hiyo njia yenye tahadhari ni kutibiwa kwanza, kuwasiliana na ubalozi, kisha kwenda polisi pamoja na ofisa wa ubalozi au wakili, badala ya kwenda peke yake.

Ubalozi umetajwa, na ni vyema ieleweke unaweza nini. Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, ambao zaidi ya nchi 180 zimejiunga nao, ndio msingi wa huduma za kikonseli, yaani zile ambazo ofisi za ubalozi huwapa raia wao mmoja mmoja, tofauti na siasa za nchi na nchi. Ibara ya 5 hutaja miongoni mwa kazi hizo kulinda maslahi ya raia, kuwasaidia, kuwapa pasipoti na hati za safari, na kuwalinda watoto. Ibara ya 36 huwapa raia uhuru wa kuwasiliana na maofisa wao na kuwafikia. Kutokana na hayo ofisa wa kikonseli anaweza kumtembelea mwathirika hospitalini, kuwasiliana na jamaa zake, kumpa orodha ya mawakili na wakalimani, kufuatilia kesi kwa mamlaka za huko na kuuliza kwa nini imelala, na kusaidia fedha kutumwa kutoka nyumbani. Hawezi kupeleleza kosa, kumtoa mtu korokoroni, kumwamuru hakimu, wala kwa kawaida kulipa ada za wakili na gharama za hoteli. Ibara ya 55 humtaka aheshimu sheria za nchi mwenyeji na kutoingilia mambo yake ya ndani. Raia wengi hurudi na uchungu kwa sababu walitarajia ubalozi uwe polisi wao, na wengine wengi hawakufika kabisa kwa sababu walidhani ni nyumba ya wakubwa. Makosa yote mawili yana gharama, lakini la pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa ofisa hawezi kumtetea mtu ambaye hajui kama yupo. Nchi zetu hazina ubalozi kila mahali, na mara nyingi balozi mmoja huwakilisha katika nchi tatu au nne, hivyo msafiri aulize kabla ya safari ni ofisi ipi inayohudumia aendako.

Pasipoti iliyoibwa itangazwe mara moja kwa polisi na kwa ubalozi. Taarifa hiyo huweza kuingizwa katika hifadhi ya Interpol ya hati za safari zilizopotea na kuibwa, iliyoanzishwa mwaka 2002, na tangu hapo pasipoti hiyo ni mfu: hata ikiokotwa kesho, kusafiri nayo ni kujitafutia kuzuiwa uwanjani. Ubalozi hutoa hati ya dharura ya kusafiria, ambayo kwa kawaida hufaa kwa safari moja ya kurudi nyumbani. China huongeza hatua moja inayowashtua wengi: aliyepoteza pasipoti hupata kwanza cheti cha polisi cha upotevu, kisha hati ya ubalozi, na baada ya hapo viza ya kutokea kutoka idara ya uhamiaji ya huko, kwa hiyo asikate tiketi ya kesho yake. Na anayekwenda Ulaya akijivunia bima ya viza ya Schengen ajue kwamba kile kiwango cha chini cha euro 30,000 kimewekwa kwa ajili ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, ikiwamo kurudishwa kwa maiti. Wizi wa mizigo na fedha huhitaji bima yake.

Mwathirika naye hukamatwa. Hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu aliyeibiwa nyaraka huonekana hana vibali na aliyejitetea huonekana amepigana. Hapo Ibara ya 36 huongeza nguvu: mamlaka zinazomshikilia mgeni zinatakiwa kumwambia bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, na akitaka, ujulishwe. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitumia ibara hiyo katika kesi ya Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea aliyeishi Kongo miaka 32, akakamatwa mwaka 1995 na kufukuzwa nchini Januari 1996. Katika hukumu ya mwaka 2010 mahakama hiyo ilisema Kongo ilivunja haki yake ya kuelezwa kuhusu ubalozi, pamoja na haki nyingine, na mwaka 2012 ikaamuru Guinea ilipwe dola 95,000 kwa ajili ya madhara aliyoyapata. Haki hiyo, hata hivyo, haijiendeshi: anayeshikiliwa ndiye aseme, kwa maneno machache na kwa kurudia, kwamba anataka ubalozi wake ujulishwe.

Hakuna kundi linalohitaji haya kuliko wafanyakazi wa ndani wa nchi za Ghuba, na haiwezekani kuliandika jambo hili kwa moyo mkavu. Chini ya kafala, yaani utaratibu unaofunga kibali cha kuishi cha mfanyakazi kwa mdhamini ambaye pia ni mwajiri wake, dada anayekimbia kipigo huweza kuripotiwa kama mtoro na kugeuzwa mkosaji wa uhamiaji siku hiyohiyo. Ndiyo maana anayekimbia anatakiwa aende moja kwa moja polisi au ubalozini, si kwa rafiki, ili sababu ya kuondoka kwake iwe imeandikwa mapema. Pasipoti yake si ya mwajiri, na hata si yake mwenyewe, bali ni mali ya serikali iliyoitoa. Qatar kwa sheria ya 2015, Kuwait kwa sheria ya mwaka huohuo na Falme za Kiarabu kwa sheria ya 2022 zimekataza mwajiri kuzuia hati za mfanyakazi.

Pale ambapo mtu amechukuliwa kwa ahadi ya uongo, kisha akatumikishwa, jambo hilo huitwa usafirishaji haramu wa binadamu, na Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 inasema kwamba ridhaa yake haina maana ikiwa ilipatikana kwa hila, vitisho au nguvu. Msichana aliyetia sahihi mkataba wa kazi ya saluni na kukuta kazi nyingine hawezi kuambiwa kwamba alikubali mwenyewe. Itifaki hiyo huitaka nchi yake impokee na kumpa hati za kurudi bila ucheleweshaji usio na sababu, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2010 humfuata wakala aliyebaki nyumbani; nchini Kenya adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Kwa hiyo risiti za wakala, picha za matangazo yake na ujumbe wake wa WhatsApp visifutwe. Wakala ndiye mshtakiwa ambaye polisi wa nyumbani wanaweza kumfikia. Marekani nayo, tangu mwaka 2000, ina viza ya T kwa waliosafirishwa kiharamu na viza ya U kwa waathirika wa makosa mazito wanaosaidia upelelezi. Hiyo ya pili ina ukomo wa watu 10,000 kwa mwaka, na foleni yake ni ndefu.

Safari za karibu huwalaza watu usingizi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, huitaka kila nchi mwanachama imlinde raia wa nchi nyingine mwanachama akiwa katika ardhi yake, kwa kufuata sheria zake. Mtanzania aliyejeruhiwa Nairobi aombe namba ya OB na fomu ya P3. Mkenya aliyejeruhiwa Dar es Salaam aombe RB na PF3. Fomu hizo haziuzwi, na anayeambiwa alipie ana haki ya kuuliza kwa nini. Aliyetendewa ukatili wa kijinsia Kenya anaweza kupiga 1195, na vituo vingi vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto. Serikali yenyewe ikikiuka Mkataba wa Jumuiya, mkaazi wa nchi mwanachama anaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, ila ndani ya miezi miwili tangu jambo litendeke au alipolijua, muda ambao umewafungia mlango wengi.

Mkimbizi wa Burundi au Kongo anayesafiri kwa hati ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 asidhani kwamba ubalozi wa nchi iliyompa hati unawajibika kwake. Mkataba wenyewe unasema hati hiyo peke yake haimpi ulinzi wa kibalozi. Kimbilio lake ni polisi wa mahali alipo, mashirika ya msaada na ofisi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Wengi hulazimika kurudi nyumbani kabla kesi haijaanza, na hudhani wameiacha. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Vienna inazitaja pia hatua za muda za kulinda haki za raia asiyekuwapo kujitetea kwa wakati, ikiwamo kumpangia uwakilishi mahakamani, kwa kadiri sheria za nchi mwenyeji zinavyoruhusu. Kabla ya kupanda ndege mwathirika amwachie wakili hati ya uwakilishi, yaani maandishi yanayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, iliyothibitishwa ubalozini. Aulize kama ushahidi wake unaweza kuchukuliwa mapema mbele ya hakimu au baadaye kwa video. Aandikishe madai yake ya fidia katika jalada lilelile la jinai pale sheria ya nchi inaporuhusu. Na aache kituoni anwani na namba ya simu itakayopokelewa, kwa kuwa majalada mengi ya wageni hufungwa kwa sababu shahidi hapatikani.